King James inasema "meat", Kiswahili kinasema "unga": ipi imekosea?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nafundisha kipindi cha vijana kanisani kwetu hapa Dodoma, na huwa tunasoma Biblia mbili sambamba: ya Kiswahili, na ya Kiingereza ile ya King James aliyoniachia babu. Tulipofika Mambo ya Walawi sura ya 2 tukakwama. Kiingereza kinasema "meat offering", Kiswahili kinasema "sadaka ya unga". Kijana mmoja akauliza nyama imekwenda wapi. Tangu siku hiyo wamekuwa wakiwinda tofauti: "Suffer the little children" katika Marko 10:14, kana kwamba Yesu anaagiza watoto wateseke, Paulo "was let" katika Warumi 1:13, ilhali Kiswahili kinasema alizuiliwa. Wapo walioanza kusema Biblia ya Kiswahili imechakachuliwa. Niwajibuje? Na je, niachane na King James?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la kuchakachuliwa, maana ndilo zito. Biblia yenu ya Kiswahili iko salama. Katika mistari yote mitatu uliyoitaja inasema kilekile ambacho King James ilikuwa ikisema siku ilipochapwa, mwaka 1611. Kilichohama ni Kiingereza. Hata Mwingereza wa leo, asipofundishwa, hukwama palepale mlipokwama nyinyi.

Tulichukue hilo la nyama. Tangu Kiingereza cha kale kabisa, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, "meat" lilikuwa jina la chakula, chakula chochote, na mara nyingi likitajwa sanjari na "drink", yaani kinywaji. Nyama yenyewe iliitwa "flesh". Baadaye, katika zama za kati, watu wakaanza kulitumia "meat" kwa nyama peke yake, na kwa karne kadhaa maana hizo mbili zikaishi pamoja hadi ile nyembamba ikaimeza ile pana. Watafsiri wa 1611 walishika ile pana. Waoneshe vijana Mwanzo 1:29, pale Mungu anapowapa wanadamu mimea na matunda. King James inasema "to you it shall be for meat". Mimea, na bado ni "meat". Kisha wapeleke Mathayo 3:4, habari za Yohana Mbatizaji: "his meat was locusts and wild honey". Nzige tunaweza kubishana, lakini asali haijawahi kuwa nyama popote duniani. Kiswahili kinasema wazi: chakula chake kilikuwa nzige na asali ya mwitu.

Na hiyo Walawi 2 yenyewe, wasiishie kwenye jina la sadaka. Wasome mstari wa kwanza wote. King James inaeleza palepale kwamba mtu ataleta "fine flour", unga laini, aumiminie mafuta na kuweka ubani juu yake. Hakuna mnyama anayechinjwa. "Meat offering" maana yake ilikuwa sadaka ya chakula, na chakula chenyewe ni unga. Waingereza walipoifanyia masahihisho tafsiri hiyo, Agano la Kale likatoka mwaka 1885 likiwa na "meal offering", na "meal" hapo ni unga wa nafaka. Kwa hiyo wao wenyewe waliona neno la zamani limeshaanza kupotosha wasomaji. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, ikasema "unga" moja kwa moja. Mabaki ya maana ya kale bado yapo katika Kiingereza: "sweetmeats" ni vitu vitamu kama halua na matunda yaliyopikwa kwa sukari, havina nyama ndani.

Sasa "suffer". Neno hili lilitoka katika Kilatini likiwa na maana ya kubeba, kustahimili. Mwenye kustahimili jambo analiacha litendeke, ndiyo maana likapata pia maana ya kuruhusu. Maana zote mbili zimo ndani ya King James, kwa hiyo inabidi kutazama sentensi. "Suffer" ikifuatwa na mtu na kitendo chake, kama "suffer the little children to come", ni ruhusu, acha. Ikisimama peke yake juu ya anayepatwa na jambo, kama Mathayo 17:12 kuhusu Mwana wa Adamu, ni teseka. Tena Marko 10:14 inajitafsiri yenyewe, kwa sababu nusu ya pili inasema "and forbid them not", wala msiwazuie. Mtu hawezi kuagiza watoto wateswe na papo hapo aseme wasizuiwe. Mahali pengine pazuri pa kuwaonesha ni Mathayo 3:15, Yohana anaposita kumbatiza Yesu. Kiingereza: "Suffer it to be so now". Kiswahili: "Kubali hivi sasa".

La "let" lina hadithi ndefu kidogo, na nalipenda kuliko yote uliyoniandikia. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili tofauti ambavyo havikuwa na undugu wa maana. Kimoja kilikuwa kuacha, kuruhusu. Cha pili kilikuwa kuchelewesha, kuzuia, na kilihusiana na neno lililozaa "late" la leo, yaani kuchelewa. Matamshi yakasogea karne hata karne hadi vikafanana kabisa. Hapo Kiingereza kikajikuta na neno moja lenye maana mbili zinazopingana: "let" ruhusu, na "let" zuia. Mara nyingi lugha haikai na mgongano kama huo milele. Moja lilipaswa kushindwa, na lililoshindwa ni la kuzuia.

Mwaka 1611 lilikuwa bado hai. Paulo anapoandika kwa Warumi kwamba alikusudia mara nyingi kuja kwao "but was let hitherto", anasema alizuiliwa hata sasa, kama Kiswahili kinavyosema. Isaya 43:13, "I will work, and who shall let it?" ni nani awezaye kuizuia. Na 2 Wathesalonike 2:7, "he who now letteth will let", ambayo mtu wa leo akiisoma haambulii kitu, ni yule azuiaye sasa. Neno hilo halijafa kabisa. Pasipoti ya Uingereza, na ya India pia, ina maneno ya kuomba mwenye hati aachwe apite "without let or hindrance", bila kuzuiwa wala kukwamishwa. Na katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali pake, mwamuzi anaita "let" na mchezaji anarudia.

Ukishalielewa hilo, mpelekee mwanafunzi wako mkali zaidi neno "prevent", ambalo lilikwenda njia iliyo kinyume. Leo ni kuzuia. Katika King James si kuzuia, ni kutangulia. Limetoka katika Kilatini, vipande viwili: mbele, na kuja. 1 Wathesalonike 4:15 inasema sisi tulio hai "shall not prevent them which are asleep", na Kiswahili kinasema hatutawatangulia waliokwisha kulala mauti. Zaburi 119:147, "I prevented the dawning of the morning", mtu wa leo angedhani mwimba zaburi alilizuia jua lisichomoze. Kiswahili: "Kutangulia mapambazuko naliomba msaada." Aliamka kabla ya alfajiri, basi. Waanglikana miongoni mwenu watakumbuka sala ya Kitabu cha Sala cha 1662 inayoanza "Prevent us, O Lord, in all our doings". Ni ombi kwamba Mungu atutangulie katika yote tutendayo. Si vigumu kuona maana ilivyosogea: aliyekutangulia mlangoni anaweza kukukinga usiingie. Neno likaanza kwa kutangulia, likapita kwenye kuwahi na kukinga, likaishia kwenye kuzuia.

Hapa ndipo ninapotaka ukae na vijana wako kwa muda mrefu. Maneno mageni hayadanganyi. Msomaji akikutana na "habergeon" katika Nehemia, hajui ni nini, anasimama, anauliza, anaambiwa ni vazi la vita, anaendelea. Linalodanganya ni neno analolijua. Halimsimamishi. Analisoma kwa maana ya leo, sentensi inaonekana imenyooka, na anaondoka na jambo ambalo mwandishi hakulisema. "Meat", "suffer" na "let" zimewakwaza kwa sababu maana ya leo inagongana na Kiswahili waziwazi. Mna bahati ya kuwa na Biblia ya pili mezani. Yako maneno ambayo maana ya leo inakaa vizuri tu, na hapo ndipo watu hufundisha makosa miaka na miaka.

La kwanza ni "study". 2 Timotheo 2:15, "Study to shew thyself approved unto God", hubandikwa sana kwenye vyumba vya kusomea, likichukuliwa kuwa agizo la kufungua vitabu. Kusoma ni jambo jema, na aya yenyewe inaendelea kuzungumzia kulitumia vizuri neno la kweli, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini "study" ya 1611 hapo ni kufanya bidii. Kiswahili kimelipata: "Jitahidi kujionyesha kuwa umekubaliwa na Mungu." Ukitaka kuthibitisha, nenda 1 Wathesalonike 4:11, "study to be quiet". Hakuna mtu anayesomea kutulia. Kiswahili kinasema mjitahidi kutulia. Neno la Kilatini lililozaa "study" lilikuwa bidii na shauku kabla halijawa vitabu.

La pili ni "thought". Mathayo 6:25, "Take no thought for your life", limewahi kutumiwa kuwaambia watu kwamba Mkristo asipange ya kesho, asiweke akiba, asifikirie. Karne ya 17 "thought" ilibeba pia maana ya wasiwasi, fadhaa, mzigo wa moyo. Ushahidi umo humohumo katika King James: 1 Samweli 9:5, Sauli amezunguka akitafuta punda waliopotea, anamwambia mtumishi wake warudi nyumbani, baba yake asije akawasahau punda na kuanza "take thought for us". Mzee hataanza kuwafikiria tu. Ataanza kuhangaika kwamba mwanawe na mtumishi hawajarudi. Kwa hiyo Kiswahili kikasema "Msisumbukie maisha yenu". Kati ya usifikiri na usisumbuke kuna umbali mkubwa, na maisha ya mtu yanaweza kuharibika katikati yake.

La tatu ni "conversation", na hapa naomba msome 1 Petro 3:1 kwa Kiingereza polepole. Petro anasema waume wasioamini wanaweza kuvutwa "without the word", pasipo neno, "by the conversation of the wives". Ukishika maana ya leo, mazungumzo, Petro anajipinga ndani ya sentensi moja: wavutwe bila maneno, kwa maneno ya wake zao. Lakini "conversation" wakati huo ilikuwa namna mtu anavyoishi na wenzake, mwenendo. Kiswahili: "wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile neno". Mgongano umekwisha. Zaburi 50:23 na Wafilipi 1:27 ni hivyohivyo, mwenendo. Maana hiyo ya kukaa na kuhusiana na watu ilidumu muda mrefu katika sheria za Kiingereza. Mume aliweza kumshtaki mahakamani mwanamume aliyezini na mkewe kwa dai lililoitwa "criminal conversation", na wala halikuhusu mazungumzo. Dai hilo lilifutwa Uingereza mwaka 1857.

Yako mengine ambayo nitayapitia haraka. "Quick" ni hai: "the quick and the dead" katika 2 Timotheo 4:1 ni walio hai na waliokufa, na ndiyo sababu zebaki, ile inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, iliitwa "quicksilver", fedha iliyo hai, kwa jinsi inavyokimbiakimbia. "Ghost" ilikuwa roho kabla haijawa mzuka, ndiyo maana ya "Holy Ghost". "Corn" ilikuwa nafaka yoyote, na Uingereza mara nyingi ngano. Yakobo hakusikia kwamba Misri kuna mahindi, maana mahindi yalitoka bara la Amerika na hayakufika ulimwengu wa kale hadi baada ya safari ya Columbus ya 1492. Yohana 12:24, "a corn of wheat", ni chembe ya ngano. "Peculiar people" katika 1 Petro 2:9 si watu wa ajabu. Ni watu wa milki ya Mungu, na neno hilo mzizi wake wa Kilatini ni mifugo, kwa sababu kwa Warumi wa zamani mali ilikuwa mifugo. Kwa vijana waliokulia Ugogoni hilo halihitaji maelezo marefu.

"Charity" nataka kulisimulia, kwa sababu si kila neno la King James lilikaa pale kwa sababu ya kuzoeleka tu. Mengine yaligombaniwa. Mwaka 1526 William Tyndale alichapisha Agano Jipya la Kiingereza katika mji wa Worms, Ujerumani, kwa kuwa Uingereza hakuruhusiwa. Katika 1 Wakorintho 13 aliandika "love", upendo. Thomas More, mwanasheria mkubwa wa siku hizo na mtetezi wa Kanisa, alimshambulia kwa maandishi mwaka 1529, na moja ya hoja zake ilikuwa neno hilo: kwa nini hakuandika "charity", neno lililotokana na Kilatini cha Kanisa na lenye uzito wa upendo mtakatifu? Haukuwa ubishi wa kamusi. Nyuma yake kulikuwa na swali la nani mwenye haki ya kumpa mtu wa kawaida Maandiko, na kwa maneno ya nani. Tyndale alikamatwa, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake kuchomwa moto huko Vilvoorde, karibu na Brussels. More naye alikuwa amekwisha kukatwa kichwa mwaka mmoja kabla, kwa sababu nyingine, kwa amri ya mfalme wake.

Watafsiri wa 1611 walichukua sehemu kubwa sana ya kazi ya Tyndale, mara nyingi neno kwa neno. Hiyo ni sababu moja iliyofanya Kiingereza cha King James kiwe na uzee kidogo hata siku ilipotoka. Lakini katika sura hiyo ya 13 walirudisha "charity": "faith, hope, charity, these three". Mahali pengine waliacha "love", kama "God is love" katika 1 Yohana 4:8. Masahihisho ya Agano Jipya ya 1881 yakarudi kwenye "love". Wakati huo "charity" ilikuwa imekwishateremka ikawa sadaka kwa maskini, na msomaji aliyeisoma hivyo angeshangaa mstari wa tatu wa sura hiyo, ambapo Paulo anasema mtu anaweza kugawa mali zake zote kwa maskini na bado akakosa "charity". Kiswahili kilikuja na "upendo" na msomaji wa Kiswahili hakupata kusumbuka.

Nikuonye juu ya kosa la upande wa pili, kwa kuwa vijana wenye akili hulikimbilia wakishaonja utamu wa jambo hili. Maana ya zamani zaidi si lazima iwe ndiyo maana ya kweli. Neno "silly" katika Kiingereza cha kale lilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa. Likateremka: asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, kisha mjinga. Sasa 2 Timotheo 3:6 inataja "silly women". Kijana aliyesoma historia ya neno anaweza kusimama kanisani akasema Paulo anawasifu kuwa wanawake wenye heri. Amekosea kabisa. Mwaka 1611 neno lilikuwa limekwisha kuteremka, na Kiswahili kinasema "wanawake wajinga" kwa haki. Swali la kuuliza ni moja: neno hili lilimaanisha nini kwa aliyeliandika na waliolisoma siku hiyo? Lilikotoka miaka mia tano nyuma linasaidia kueleza, halitoi hukumu. Hukumu hutolewa na matumizi ya wakati wenyewe.

Na matumizi ya wakati wenyewe yanaweza kutafutwa. Mwaka 1857 chama cha wanaisimu cha London kiliazimia kutengeneza kamusi ya Kiingereza itakayofuata kila neno tangu linapoonekana mara ya kwanza katika maandishi. Watu wengi wa kujitolea walisoma vitabu vya zamani na kutuma vikaratasi vyenye neno, sentensi, mwandishi na mwaka. James Murray akavipanga kwa miongo kadhaa ndani ya banda alilojenga kwake kwa kazi hiyo. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, Murray akafariki 1915, na kazi ikakamilika 1928. Ndiyo iitwayo Oxford English Dictionary. Ubora wake kwa mtu kama wewe ni kwamba kila maana ina mifano yenye mwaka. Ukifungua "prevent" unaona maana ya kutangulia na sentensi zake, unaona zinapungua karne kwa karne, unaona ile ya kuzuia ikishika nafasi. Maktaba za vyuo vikuu vingi zinayo, ya karatasi au ya mtandaoni. Kamusi ndogo ya mwanafunzi haitakusaidia hapa, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza cha leo.

Kabla ya kufika kwenye kamusi, zipo hatua ambazo mnaweza kuzifanya mezani penu. Kiingereza na Kiswahili zikigongana, msiulize kwanza nani kakosea. Someni mstari mzima na unaofuata, kama tulivyofanya na unga na ubani. Tafuteni neno hilohilo mahali pengine ndani ya King James, kwa sababu tafsiri moja huwa na mazoea yake. Neno likileta upuuzi katika mistari mitatu au minne, maana mnayoijua siyo. Ongezeni tu tahadhari hii: si kila tofauti kati ya Biblia mbili imetokana na maneno kuhama. Nyingine zinatokana na hati za kale za Kigiriki ambazo watafsiri walizitegemea, na hilo ni somo jingine kabisa.

Wala wasidhani Kiswahili kimesimama palepale. Marko 6:25, binti wa Herodia anaomba kichwa cha Yohana. King James: "give me by and by in a charger". Maneno mawili ya mtego katika nusu mstari. "By and by" leo ni baadaye baadaye, wakati ule ilikuwa mara moja, na Kiswahili kinasema "sasa hivi". "Charger" kwa kijana wa leo ni chaja ya simu. Wakati ule ilikuwa sinia kubwa la kuwekea chakula. Lakini tazama Kiswahili chenyewe: "katika kombe". Waulize vijana wako kombe ni nini. Watakwambia ni lile la ubingwa wa mpira. Wazee wa pwani watakwambia kombe ni sahani kubwa ya kupakulia chakula, na maana hiyo ndiyo iliyowafaa watafsiri. Hata hiyo "naliomba" ya Zaburi niliyoinukuu juu, vijana wako wangeandika "niliomba". Miaka 70 tu imepita.

Je, uachane na King James? Hapana, na nitakupa sababu iliyo ya lugha, nyingine utazijua mwenyewe. Kiingereza cha leo kina "you" moja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi. King James ina "thou" na "thee" kwa mmoja, "ye" na "you" kwa wengi. Watu wengi hudhani "thou" ni lugha ya heshima kwa kuwa inasikika kanisani. Haikuwa hivyo. Ndiyo iliyotumiwa kwa mtoto, kwa mtumishi, kwa mtu wa karibu, na kwa Mungu pia, na mzungumzaji akitaka kumpa mkubwa heshima alisema "you" ya wengi. Watafsiri wa King James hawakuitumia kwa adabu bali kwa hesabu, wakifuata Kigiriki na Kiebrania ambavyo hutenganisha mmoja na wengi. Kiswahili nacho hutenganisha, kwa hiyo vijana wako wana sikio la jambo hili kuliko vijana wengi wa Uingereza.

Wasomee Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni: "Satan hath desired to have you, that he may sift you as wheat: But I have prayed for thee". Kiswahili: Shetani amewataka ninyi, apate kuwapepeta kama ngano, lakini nimekuombea wewe. Kundi zima linatakiwa na Shetani, na anayetajwa kuombewa ni mmoja, yule ambaye muda mfupi baadaye atamkana na ambaye anaagizwa kuwaimarisha ndugu zake akishaongoka. Katika Kiingereza cha kawaida cha leo "you" zote ni moja, na msomaji anaweza kuimaliza aya akidhani ni Simoni tu aliyetakiwa. Vivyo hivyo Yohana 3:7, na Nikodemo: "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again." Nilikuambia wewe, hamna budi ninyi. Kwa sentensi moja Yesu amemtoka mgeni wake wa usiku na kuwazungumzia wote. King James na Kiswahili zote mbili zinalionesha hilo ndani ya aya yenyewe. Tafsiri za Kiingereza za siku hizi hulazimika kuongeza maneno kama "all of you", ninyi nyote, au kuweka tanbihi chini ya ukurasa.